Tufaha la Bramley Halikupandwa na Bramley

Ukishuka treni Nottingham, Robin Hood, yule mwizi wa hadithi aliyewaibia matajiri akawapa maskini, atakupokea kabla ya ndugu zako. Yuko kwenye mabango, kwenye vikombe vya chai, kwenye fulana za watoto, na yuko kwa shaba chini ya ukuta wa ngome, amevuta upinde. Sanamu hiyo ilichongwa na James Woodford na kuwekwa pale mwaka 1952. Mshale wake umeibwa mara nyingi kiasi kwamba wenyeji hawashangai tena. Mtu ambaye hakuna mwanahistoria anayeweza kuapa kwamba aliwahi kupumua ndiye mwenye sanamu, barabara na tamasha lake mwenyewe.

Sina ugomvi naye. Lakini nilipoanza kuizunguka kaunti ya Nottinghamshire, wikendi baada ya wikendi, kwa basi na kwa miguu, niligundua kwamba ana wenzake wengi. Vitu vingi huku vimepewa jina la aliyenunua, au aliyeandika, au aliyesimuliwa. Aliyefanya kazi yenyewe humkuti mpaka umtafute. Basi nikajizoeza kuuliza swali moja kila nilipofika: hapa, nani aliyebeba mzigo?

Ngome ya Nottingham yenyewe huwaudhi wageni. Watu wanakuja wakitarajia minara na daraja la kuvutwa kwa minyororo, wanakuta jumba kubwa la mraba, limekaa juu ya mwamba kama ofisi ya mkoa. William Mshindi alijenga ngome ya kwanza hapa mwaka 1068. Mfalme Charles I alipandisha bendera yake ya vita hapahapa tarehe 22 Agosti 1642 na kuanzisha rasmi mapigano na Bunge lake. Baada ya kushindwa kwake ngome ikabomolewa, mwaka 1651, ili asije mtu mwingine akaitumia. Jumba tunaloliona leo lilijengwa na Duke wa Newcastle katika miaka ya 1670.

Kisa ninachokipenda mimi ni cha mwaka 1831. Duke wa wakati huo, wa nne kwa jina hilo, alikuwa mpinzani mkali wa muswada wa kupanua haki ya kupiga kura. Muswada ulipoangushwa na malodi, makabaila wa baraza la juu la Bunge, habari zikafika Nottingham, mji uliojaa mafundi wa kufuma soksi na lesi wasiokuwa na kura wala akiba. Usiku wa tarehe 10 Oktoba umati ukapanda mwamba, ukaingia ndani na kulichoma moto jumba lote. Duke mwenyewe hakuwamo. Alidai fidia, akalipwa pauni 21,000, na hakutumia hata senti kulitengeneza. Aliliacha gofu lisimame juu ya mji miaka na miaka, watu waamke nalo na walale nalo. Ubishi wa tajiri huo. Mwaka 1878 ndipo lilipofunguliwa upya, safari hii kama makumbusho ya sanaa ya manispaa, la kwanza la aina yake nje ya London. Watoto wa waliolichoma wakaingia kutazama picha.

Chini ya haya yote kuna mji mwingine. Nottingham umekaa juu ya jiwe la mchanga laini, jiwe unaloweza kulichimba kwa zana za kawaida, na watu wamelichimba kwa zaidi ya miaka elfu moja. Mtawa Asser, aliyeandika katika karne ya 9, tayari aliujua mji huu kama mahali pa mapango. Yaliyoorodheshwa yanazidi 800. Watu wameishi humo, wamehifadhi bia humo, wametengeneza ngozi humo tangu zama za kati, na katika Vita vya Pili vya Dunia wamejificha humo mabomu yakidondoka. Ukishuka, gusa ukuta. Alama za sululu bado zipo, moja baada ya nyingine, kila moja ni pigo la mkono wa mtu.

Nenda pia kanisa la St Mary's, kwenye mtaa wa zamani wa viwanda vya lesi. Katika uwanja wake amezikwa George Africanus. Alizaliwa Sierra Leone karibu mwaka 1763, akachukuliwa angali mtoto mdogo na kuletwa Wolverhampton, akakabidhiwa kwa familia ya tajiri mmoja. Akafundishwa ufundi wa shaba. Alipokua alihamia Nottingham, akamwoa Esther Shaw mwaka 1788, na wawili hao wakaendesha ofisi ya kutafutia watu kazi za ndani. Fikiria hilo: mtu aliyepewa familia kama zawadi, sasa yeye ndiye matajiri wanayemfuata kuulizia mtumishi. Alifariki mwaka 1834 akiwa na mali ya kurithisha. Kaburi lake lilisahaulika hadi lilipotambuliwa tena mwaka 2003. Nilisimama pale mchana wa jua hafifu, vijana wa chuo wakila sandwichi kwenye nyasi jirani, na nikasoma Al-Fatiha bila kujua kama marehemu angeikubali. Alizikwa Mkristo, lakini nia ni nia.

Sasa Newstead.

Basi la kwenda Mansfield linakushusha kwenye lango kando ya barabara ya A60. Kutoka hapo unatembea kama kilomita moja na nusu kati ya miti mikubwa kabla hujaona chochote. Kisha ziwa linajitokeza, tausi wanapiga kelele, na mbele yako kuna ukuta wa mbele wa kanisa, mzima, mrefu, na dirisha kubwa lisilo na kioo. Nyuma yake hakuna kanisa. Ni nyasi tu. Nyumba ya kuishi imeegemea pembeni yake.

Watu huiita Newstead Abbey, ingawa haijawahi kuwa abasia, yaani monasteri yenye abate wake. Ilikuwa nyumba ya watawa wa Kiagustino, iliyoanzishwa na Mfalme Henry II karibu mwaka 1170. Henry VIII alipozifunga nyumba za watawa na kuchukua mali zao, hii ilifungwa mwaka 1539, na mwaka uliofuata Sir John Byron akainunua, akageuza makao ya watawa kuwa makao yake. Miaka mingi baadaye, mwaka 1798, mjukuu wa ukoo huo mwenye umri wa miaka 10 aliirithi ikiwa imechakaa. Huyo ndiye Lord Byron mshairi, na wageni wengi wanakuja kwa ajili yake.

Byron alikuwa mtu wa vituko. Kwenye bustani kuna mnara wa kaburi la mbwa wake, Boatswain, aliyekufa kwa kichaa cha mbwa mwaka 1808. Mnara huo ni mkubwa kuliko kaburi la bwana wake, aliyezikwa katika kanisa la Hucknall, maili chache kutoka hapa, pamoja na binti yake Ada Lovelace, yule mwanahisabati. Byron alitaka azikwe na mbwa wake, lakini alikwishauza nyumba. Haya ndiyo watu wanayosimulia. Ningependa wasimulie zaidi hotuba yake ya kwanza katika Bunge la Malodi, tarehe 27 Februari 1812. Mafundi wa Nottinghamshire walikuwa wameanza mwaka 1811, katika kijiji cha Arnold, kuvunja mashine za kufumia zilizokuwa zikishusha ujira wao, na serikali ilitaka kuwanyonga. Byron alisimama kuwatetea. Alikuwa na miaka 24, na mafundi wale walikuwa jirani zake. Sheria ilipita hata hivyo.

Mwaka 1817 aliiuza Newstead kwa Thomas Wildman, waliyesoma naye shule, kwa pauni 94,500. Sehemu kubwa ya fedha za ukoo wa Wildman zilitoka Jamaica, kwenye miwa iliyolimwa na watumwa. Kwa hiyo hata paa zuri unalolitazama leo, ukiuliza nani aliyebeba, jibu linavuka bahari.

Na baada ya Wildman ndipo sisi tunapoingia. Mwaka 1861 nyumba ilinunuliwa na William Frederick Webb, tajiri mwindaji aliyefahamiana na David Livingstone kusini mwa Afrika. Livingstone aliporudi Uingereza kutoka safari yake ya Zambezi, Webb na mkewe walimkaribisha Newstead, akakaa hapa miezi kadhaa katika mwaka 1864 na 1865 akiandika kitabu chake kuhusu safari hiyo. Kisha akarudi Afrika na hakuonekana tena Uingereza akiwa hai.

Kila mtoto aliyesoma Bagamoyo au aliyepelekwa huko na shule anajua mwisho wake, au nusu yake. Mimi nilipelekwa. Tulioneshwa mnara wa kanisa la zamani la misheni, unaoitwa Mnara wa Livingstone, tukaambiwa mwili wake ulilala hapo usiku mmoja, Februari 1874. Kuhusu walioufikisha, mwalimu alisema "watumishi wake waaminifu", akapita.

Watumishi hao walikuwa na majina. Abdullah Susi alitoka Shupanga, kwenye Zambezi ya chini. James Chuma alikuwa Myao, aliyeokolewa kutoka kwenye msafara wa watumwa mwaka 1861 akiwa mtoto. Jacob Wainwright alisoma shule ya misheni ya Nassik, India. Kulikuwa na Halima, mpishi. Kulikuwa na wengine kadhaa, wapagazi wanaume na wanawake, na lugha ya misafara ya namna hiyo ilikuwa Kiswahili. Livingstone alipofariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchini Zambia ya leo, hakuna Mzungu aliyekuwapo kutoa amri. Wao wenyewe walikaa kikao. Wakautoa moyo wake na viungo vya ndani na kuvizika chini ya mti, Wainwright akasoma sala na kuchonga maandishi kwenye shina. Wakaukausha mwili kwa chumvi na jua. Wakaufunga kwa kitambaa na gome la mti na turubai, wakaanza kutembea kuelekea pwani.

Zaidi ya maili elfu moja. Walitembea miezi mingi. Wengine walikufa njiani. Walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora, walikuta msafara wa Waingereza uliotumwa kumtafuta Livingstone, na mkuu wake, Cameron, akawashauri wamzike hapohapo. Wakakataa. Mbele ya safari wakapata habari kwamba watu wa njiani wanaogopa mkosi wa maiti na hawatawapisha. Wakajifanya wamemrudisha kumzika, kumbe wamefunga mwili upya uonekane kama mtumba wa kawaida wa kitambaa. Hiyo si kazi ya "watumishi waaminifu". Hiyo ni kazi ya watu wenye akili, siasa na uongozi. Walipoukabidhi mwili Bagamoyo, walilipwa ujira wao wakaambiwa basi, kazi imekwisha. Wainwright peke yake alisafiri na jeneza hadi London kwa mazishi ya tarehe 18 Aprili 1874 katika Westminster Abbey.

Susi na Chuma walifika baadaye mwaka huohuo, kwa nauli iliyolipwa na rafiki wa Livingstone, James Young. Mazishi yalikuwa yamepita. Walikuja kwa sababu kasisi Horace Waller, aliyekuwa akihariri shajara za mwisho za marehemu, hakuweza kuzielewa bila wao. Na mahali pamoja walipokaa kufanya kazi hiyo ni Newstead. Ipo picha. Susi na Chuma wako na Waller, pamoja na Agnes na Thomas, watoto wa Livingstone, shajara na ramani zikiwa mbele yao.

Shajara zilichapishwa Desemba 1874 zikiwa na jina la Livingstone. Lakini kurasa zake za mwisho zinasimulia jinsi Livingstone alivyokufa, alivyokaushwa, alivyofungwa na alivyobebwa mpaka baharini. Ni wazi hakuziandika yeye. Zimetokana na kinywa cha Susi na Chuma, walioulizwa na kujibu, siku baada ya siku, na vingine wakivieleza hapa, kwenye nyumba hii yenye tausi. Kama kuna waandishi wawili wa Afrika Mashariki ambao majina yao yalistahili kuwa kwenye jalada la kitabu cha Kiingereza cha karne ya 19, ni hao.

Nilimuuliza mama mmoja wa kujitolea ndani ya nyumba kama anawafahamu. Alinitazama kwa furaha ya mtu aliyechoka kuulizwa kuhusu mbwa. Alitaja majina yao yote mawili bila kusitasita, akanipeleka dirishani na kunionesha mnara wa nyumba ambamo Livingstone alikuwa akiandika. Tukazungumza mpaka kundi jingine likaingia na mtu akauliza kaburi la Boatswain liko upande gani.

Susi baadaye alifanya kazi na Stanley huko Kongo. Chuma aliongoza msafara wa Joseph Thomson mwaka 1879, na Thomson alimsifu. Alifariki Zanzibar mwaka 1882 akiwa bado kijana, na Susi akamfuata, Zanzibar hapohapo, mwaka 1891. Ukitoka Newstead jioni basi la mwisho halikungojei, kwa hiyo angalia ratiba kabla hujazama kwenye mawazo. Angalia pia siku za kufunguliwa: bustani na nyumba havina saa zinazofanana.

Southwell nilikwenda na shangazi yangu, aliyekuja kutoka Tanga kumwona mjukuu. Ni mji mdogo wa kupendeza wenye kanisa kuu kubwa kupita kiasi, kana kwamba mtu alikosea vipimo. Ujenzi wake ulianza mwaka 1108, na minara yake miwili ya mbele imevikwa kofia za madini ya risasi zenye ncha. Ukiingia utakuta nguzo nene za Kinormani, nzito, zenye kutisha kidogo. Shangazi alizipita bila kusema neno. Tulipoingia kwenye ukumbi wa pembe nane ambamo mapadri walikuwa wakikutana, akasimama.

Ukumbi ule ulijengwa mwishoni mwa karne ya 13 na kuta zake zimeota majani. Majani ya mawe: mwaloni na mbegu zake, mzabibu na vichala vyake, mihopi, miiba ya vichakani, kila jani na mishipa yake, mengine yamejikunja ukingoni kama yanavyojikunja yakianza kukauka. Katikati yake kuna nyuso za watu zinazochungulia. Wachongaji wa zama hizo kwa kawaida walichonga majani ya kubuni. Hawa walitoka nje, wakachuma tawi, wakarudi nalo kazini.

"Aliyechonga hili amelima," shangazi aliniambia, kidole chake kikiwa karibu na jani bila kuligusa. "Ati mtu wa mjini hajui kuwa jani la chini huchakaa kabla ya la juu."

Majina ya wachongaji hao hayajulikani, hata moja.

Nje ya kanisa, kwenye barabara ya Church Street, kuna kibanda ambacho bustani yake ndiyo chimbuko la tufaha maarufu kuliko yote ya kupikia nchini Uingereza. Linaitwa Bramley. Ni kubwa, kijani, chachu hata kukunja uso, na likipikwa hulainika kuwa povu. Mwaka 1809 msichana aitwaye Mary Ann Brailsford alipanda mbegu za tufaha katika bustani ya nyumba yao. Mti mmoja ukakua. Miaka ikapita, akaolewa, akahama. Mwaka 1846 kibanda kikanunuliwa na mchinja nyama, Matthew Bramley. Kisha kijana mwenye kitalu, Henry Merryweather, akaonja tufaha lile, akaomba vikonyo, yaani vijiti vya kuunganisha kwenye shina la mti mwingine, aotesha miti aiuze. Bramley akakubali kwa sharti moja: lipewe jina lake.

Ndivyo lilivyopata jina mpaka leo. Na kwa kuwa mtufaha huzalishwa kwa kuunganisha kikonyo, kila Bramley duniani ni kipande cha mti ule aliopanda Mary Ann. Hakuna ulioota kwa mbegu. Mti wenyewe ni mzee na umeshambuliwa na kuvu wa mizizi. Shangazi alisikiliza kisa hiki chote akitafuna tufaha jingine, tamu, alilolinunua sokoni. "Huyo bwana Bramley," alisema, "hata kumwagilia hakumwagilia?"

Kutoka hapo ni mwendo wa miguu mpaka The Workhouse, na hapo ndipo nilipoacha kutania. Ni jengo refu la matofali mekundu, safi, lenye madirisha mengi yaliyopangwa sawasawa, mwisho wa njia kati ya mashamba. Ukiwa mbali unaweza kudhani ni shule nzuri ya bweni. Lilijengwa mwaka 1824 kwa mawazo ya kasisi John Thomas Becher, kwa ajili ya maskini 158 wa parokia za jirani. Wazo lake lilikuwa hili: msaada kwa maskini upatikane hapa tu, na hapa pawe pabaya kiasi kwamba mtu aje akiwa hana njia nyingine kabisa. Mzee, mgonjwa, mjane, mtoto yatima, kibarua aliyekosa kibarua, wote waliingia mlango huu. Wakitengwa mara moja. Wanaume huku, wanawake kule, watoto kwingine. Wenye nguvu za kufanya kazi walitengwa na wasio nazo, kwa kuwa wa kwanza walihesabiwa kuwa wavivu. Mume na mke waliolala pamoja miaka 30 waliachana mlangoni. Hata ngazi zilijengwa mbilimbili, ili makundi yasikutane yakipanda kulala. Kazi ilikuwa kuvunja mawe, au kuchambua kamba kuukuu za meli, nyuzi kwa nyuzi, mpaka vidole vichubuke.

Mwaka 1834 serikali ilipotunga sheria mpya ya maskini, ilitazama Southwell kama mfano, na majengo ya namna hii yakaenea Uingereza nzima.

Vyumba vingi viko vitupu. Hawakuweka masanamu ya nta wala vitanda vingi vya maigizo, na nadhani walifanya vyema. Unasimama katika chumba cheupe, unasikia hatua zako. Shangazi alizunguka ua wa wanawake, uliozungushiwa ukuta mrefu kuliko mtu, akatazama juu. Katikati ya jengo, dirisha la chumba cha msimamizi limejitokeza mbele, na ukiwa ndani unaona nyua zote.

"Mwanangu, hii si nyumba ya maskini," akasema. "Hii ni jela, ila hawa hawakuiba."

Nilimweleza kwamba sehemu za jengo ziliendelea kupokea watu wasio na makazi hadi miaka ya 1970, akiwa yeye ni msichana wa shule. Hakuamini mpaka alipoliona bango mwenyewe na kunitaka nimsomee. Kisha akauliza mahali pa kuswalia, kwa kuwa alasiri ilikuwa inapita. Mfanyakazi mmoja akamfungulia chumba kidogo kilichokuwa hakitumiki, akafunga mlango taratibu, akasimama nje kuwazuia wageni. Kwa wema huo nawashukuru.

Newark nitaipitia haraka, si kwa sababu haina kitu, ila kwa sababu mvua ilininyeshea siku nzima. Ngome yake imesimama kando ya Mto Trent ikiwa nusu: upande wa mto uko kamili, upande wa mji haupo. Mfalme John, yule anayechekwa katika visa vyote vya Robin Hood, alifia humo Oktoba 1216 kwa ugonjwa wa kuhara damu. Katika vita vya mfalme na Bunge mji huu ulizingirwa mara tatu na haukuchukuliwa kwa nguvu. Ulipoishiwa sarafu, matajiri walitoa sahani zao za fedha, zikakatwa vipande vyenye umbo la almasi na kupigwa mhuri, vikawa ndizo pesa. Wakati wa kuzingirwa kwa tatu tauni ikaingia. Mwanzoni mwa Mei 1646 Charles I alijisalimisha kwa Waskoti katika hoteli pale Southwell, akaamuru Newark nayo ifungue milango, na ngome ikabomolewa. Hoteli bado inapangisha vyumba.

Sherwood ni ya watoto, na ni nzuri kwa kazi hiyo. Mti wake mkuu, Major Oak, ni mwaloni wenye umri unaokadiriwa kati ya miaka 800 na zaidi ya 1,000, matawi yake yameegemea nguzo kama mzee mwenye mikongojo, na hadithi inasema Robin alijificha ndani ya shina lake. Nilidhani jina linamaanisha mkubwa. Kumbe ni cheo: Meja Hayman Rooke, aliyeuelezea mti huo katika maandishi yake mwaka 1790. Nilipomwambia shangazi kwenye simu alicheka mpaka akakohoa. Bramley mwingine huyo.

Nimebakiza Laxton. Ni kijiji ambacho bado kinalima kwa utaratibu wa zama za kati: mashamba makubwa matatu yaliyo wazi, bila ua, yamegawanywa vipande virefu, na kila mkulima ana vipande vyake huku na huku. Kila mwaka, mwishoni mwa vuli, wanakijiji wanateuliwa kuwa baraza la wazee, wanakwenda shambani na vigingi kukagua mipaka, na aliyesogeza plau yake akaimega njia au kipande cha jirani anapelekwa mbele ya mahakama yao ya kijiji na kupigwa faini. Mahakama hiyo ipo kisheria mpaka leo. Shangazi, ambaye ana kesi ya mpaka wa shamba la minazi huko Muheza isiyokwisha tangu marehemu babu alipofariki, ameniambia nisiende bila yeye. Anataka kuwauliza faini ni kiasi gani, na nani anayeshika vigingi.